Utepe Mwekundu wa Kirindi

Keki ilikuwa haijakatika vizuri simu ilipolia. Peris aliiacha iite mkobani, kwa sababu Bwana Kitonga, mwenyekiti wa chama cha wafugaji, alikuwa ameushika mkono wake pamoja na kisu, na mpiga picha alikuwa akiwaomba wasogee kidogo upande wa dirisha. Juu ya keki kuliandikwa kwa krimu ya buluu: MWEZI MZIMA BILA MAZIWA KUKATALIWA. Maneno yalikuwa mengi kuliko keki, hata neno la mwisho likabanwa pembeni kama mgeni aliyechelewa kupata kiti.

"Huyu mama," Kitonga aliwaambia wafanyakazi na wanakamati waliojaa katika ofisi ile ndogo ya Voi, "tulipompa umeneja mlinung'unika. Mkasema ameolewa Kirindi, atapendelea watu wa kwao. Haya, semeni tena niwasikie."

Watu walicheka. Kitonga alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Baba yake alikuja mjini kutoka Kitui akafungua kibanda, naye mwana akakigeuza kibanda kuwa duka. Alipenda mambo yanayoonekana kwa macho: ukuta umesimama au umeanguka, maziwa yamepita au yamemwagwa. Maelezo marefu yalimchosha. Ndiyo maana alimpenda Peris, ambaye tangu ashike kazi alikuwa akimletea matokeo na kuyaacha maelezo nyumbani.

Simu ililia tena. Safari hii Peris aliuchomoa mkono, akaona jina la Mwalimu Teresia wa shule ya chekechea. Akatoka nje, krimu bado kidoleni.

"Mama Elsie, kuja saa hii. Watoto wanatapika."

"Elsie anatapika?"

"Elsie na wengine."

"Wangapi?"

"Afadhali uniulize wale hawatapiki."

Peris alisimama pale mlangoni, jua la Voi likimpiga usoni, asijue hata kidole chake akipanguse wapi. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga makofi.

"Wamekula nini?" aliuliza.

"Hawajala. Walikuwa hawajafika kwa uji. Ni maziwa peke yake," Teresia akasema, kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja kitu cha aibu, "yenu."

*

Hospitalini watoto walilazwa wawili wawili kwa kitanda. Elsie alikuwa na miaka mitano, mwembamba wa kuzaliwa, na hakuwa na maji mengi ya kupoteza mwilini. Wauguzi walimtafuta mshipa mkono huu, wakahamia ule, wakaishia kuchomeka dripu kwenye mguu. Macho yake yalikuwa yamezama. Alipomwona mama yake hakulia, na jambo hilo ndilo lililomtisha Peris kuliko kilio.

Tom, mumewe, karani wa mizigo kwenye stesheni ya reli, alifika na kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, akakaa chini kwenye sakafu.

Akina mama wengine walikuwa wameenea ukumbini. Walimjua Peris. Si yeye aliyekwenda shuleni mwaka ule akiwa na fulana yenye picha ya ng'ombe, akawaahidi wazazi kwamba watoto wao watakunywa maziwa safi ya milimani kila saa nne? Mama mmoja alimpita akiwa amebeba beseni, akasimama, akasema bila ukali wowote, "Meneja, hata wewe umelazwa na sisi." Kisha akaendelea na safari yake. Peris alitamani angetukanwa. Tusi angelijua la kufanya nalo.

Siku ya pili, wakati Elsie alipokuwa ameanza kunywa maji kidogo kwa kijiko, afisa wa afya aitwaye Kituku alimwita kando. Alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Aliivua.

"Tumepima yale yaliyobaki kwenye jagi la shule, na yale ya tangi lenu. Kuna magadi."

"Magadi gani?"

"Magadi, madam. Ile ya kulainisha maharagwe."

Peris alicheka. Hakikuwa kicheko, bali sauti iliyotoka yenyewe. "Nani anaweka magadi kwa maziwa?"

"Mtu mwenye maziwa yaliyoanza kuchacha. Magadi inavunja ule ukali. Ukionja husikii, na kile kipimo chenu cha spiriti mlangoni kinayapitisha." Akairudisha miwani, akaivua tena. "Na nikuambie ukweli, magadi sio iliyotapisha watoto. Kilichowatapisha ni kile magadi ilikuwa inaficha. Yale maziwa yalikaa kwa joto muda mrefu, vijidudu vikazaana humo, vikaacha sumu. Mkichemsha mnaua vijidudu. Sumu inabaki."

"Lakini hatujakataa keni hata moja ya maziwa mwezi mzima."

"Ndiyo," Kituku akasema. "Hiyo pia ilinishtua."

*

Kila mtu ana kitu mkobani asichotaka kukitazama. Cha Peris kilikuwa jina la mtu mmoja. Mzigo wa maziwa ya shule wa siku ile, karani wa mlangoni alisema, ulitoka Kirindi peke yake, kwa kuwa maziwa ya vituo vya chini yalikuwa yameshajaza tangi la kwanza, na ya shule yalichotwa la pili. Na msimamizi wa kituo cha Kirindi, anayepokea maziwa ya majirani na kuyamimina pamoja kwenye keni za chama, alikuwa Rachel, mama yake Tom.

Kitonga alikuwa ameshapiga simu. "Nataka jina," alisema. "Kikao ni Ijumaa. Wazazi wa wale watoto watakuwa hapo, na watu wa kaunti watakuwa hapo. Ukinipa jina la aliyeweka, chama kitasimama na wewe utabaki kwa kiti yako. Usiponipa, Peris, sitaki kukudanganya, jina litakuwa lako."

"Nimekuelewa, Mwenyekiti."

"Na kama ni mtu wa kwenu, usiangalie uso. Ulisifiwa kwa sababu hukuwa unaangalia uso."

Walipanda Kirindi yeye na Tom, baada ya kumwacha Elsie na dada yake Tom. Kutoka Mwatate barabara inajipinda kupanda milima, na joto la Voi linabaki chini pamoja na vumbi lake. Tom aliendesha gari la kuazima hadi walipofika kona ya kanisa.

"Mama hawezi," akasema hapo.

"Sijasema ameweza."

"Unafikiria."

"Na wewe unafikiria, Tom. Ndiyo maana umesema."

Rachel, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Tom, aliwapokea kwa chai ya rangi. Katika nyumba yenye ng'ombe watatu wa maziwa, chai ya rangi ilikuwa tangazo. Alikuwa mwanamke mnene wa miguu midogo, mweka hazina wa kanisa, mtu ambaye watu walimwachia funguo za nyumba zao walipokwenda Mombasa. Alimuuliza Peris juu ya mtoto, akamuuliza tena, akaomba aelezwe ile dripu imewekwa wapi. Aliposikia ni mguuni, alifunika uso kwa leso.

"Mama," Peris akaanza. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yote yalikuwa yametoroka. "Mama, kwenye maziwa kuna mtu aliweka magadi?"

"Ndiyo," Rachel akasema.

Hivyo tu. Kama mtu aliyeulizwa kama mvua ilinyesha. Tom aliinua kichwa. Peris alihisi kikombe kinamchoma vidole na hakuweza kukiweka chini.

"Nani, Mama?"

"Mimi. Na jirani yangu Mama Pauline, nikiwa sipo. Kijiko kidogo tu kwa keni. Mbona mnaniangalia hivyo? Si magadi tunakula kwa maharagwe kila siku? Mimi nimelea watoto wanne na magadi."

"Umemlisha mtoto wangu uchafu," Tom akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Tom, mimi sikujua ni mtoto wetu atakunywa. Nilijua yanaenda Mombasa, kwa mahoteli."

"Na ungejua ni mtoto wa nani anakunywa huko Mombasa, Mama?" Peris akauliza.

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, Rachel alionekana mzee. Alitazama nje, kule kibandani, zilikopangwa keni za aluminiamu zikiwa zimeinamishwa zikauke. Pale ukutani, juu ya msumari, palikuwa na utepe mwekundu.

Ule utepe ulikuwa wa Peris. Aliubuni mwenyewe. Keni iliyokataliwa Voi ilimwagwa mbele ya watu wote langoni, kisha ikarudishwa kituoni mwake ikiwa imefungwa utepe mwekundu shingoni, ili kila aliyekaa kando ya barabara kutoka Mwatate hadi juu auone ukipita. Picha yake ilitumwa pia kwenye kundi la simu la wanachama. Na kwa vile maziwa ya Kirindi yalichanganywa ya wote pamoja, aibu ilikuwa ya wote, pia hasara ilikuwa ya wote.

"Ulipoturudishia ile ya kwanza," Rachel akasema, bado akitazama keni, "Mama Pauline alikataa kwenda kanisani wiki mbili. Ya pili, watu wakasema mimi ndiye sisafishi keni, na wewe ni mkaza mwana wangu, kwa hiyo unanificha. Wengine wakasema unatufungia utepe kusudi uonekane hupendelei. Sasa ningefanya nini? Nikisema ukweli, ni aibu yetu. Nikinyamaza, wanakutoa kazi, wanasema kwao Kirindi ndiko kunaharibu. Nikafikiria, kijiko kidogo, mwanangu atapumua."

"Ulifanya kwa sababu yangu?" Peris akasema.

"Nilikuambia. Ile Jumapili tulikuwa hapa tunachambua mboga, nilikuambia lori linachelewa, maziwa yanakaa juani mpaka saa sita. Wewe uliniambia, 'Mama, hayo ni mambo ya ofisi.'"

Peris alikumbuka. Alikumbuka mpaka zile mboga.

*

Alfajiri ya siku iliyofuata hakwenda ofisini. Alisimamisha lori la chama pale Mwatate, akapanda mbele kando ya Munyoki, dereva, mtu wa maneno mengi ambaye siku ile, kwa kumwona bosi, aliyameza yote. Walikusanya maziwa ya vituo vya chini kwanza, kama kawaida, wakashuka nayo Voi.

Langoni walikuta foleni: matrekta mawili, pikapu za vikundi, pikipiki zenye mitungi. Kila keni ilifunguliwa, ikachovywa, maziwa yakatiwa kwenye kichupa pamoja na spiriti, yakatikiswa, yakatazamwa kama yataganda. Kisha yakapimwa tena mara ya pili na mtu mwingine. Amri ya kupima mara mbili ilikuwa imetiwa sahihi na meneja. Meneja alikuwa ndani ya lori, akitokwa na jasho.

"Hii ni kila siku?" aliuliza.

"Leo ni afadhali," Munyoki akasema. "Zamani ikikataliwa moja, kulikuwa na ugomvi, na wote tulikuwa tunangoja ugomvi uishe."

"Na Kirindi?"

"Kirindi ni mpaka nitoke hapa. Gari ni moja, madam."

Peris alishuka. Jua lilikuwa limepanda, na ubavu wa lori ulikuwa na vumbi jekundu la kutosha kuandikia. Mwaka uliopita chama kilimpeleka kwenye semina ya uongozi katika hoteli moja ya pale Voi. Mwalimu wa semina, mama mmoja aitwaye Syokau, aliwaambia wachague tatizo moja la kazini, wasilitafutie mkosaji, wachore tu mishale: hili linaleta lipi, na hilo linaleta lipi, mpaka mshale ukatae kuendelea. Peris alichora lori zuri lenye magurudumu, akala samaki wa kukaanga, akapewa cheti. Cheti kipo ofisini, kimetundikwa juu ya friji.

Sasa alianza kuchora kwa kidole kwenye lile vumbi. Hoteli ya Mombasa ililalamika maziwa machachu, kwa hiyo akaamuru kila keni ipimwe langoni. Akachora mshale. Kupima kukaleta foleni. Mshale. Foleni ikachelewesha lori. Lori likichelewa, Kirindi wanangoja juani. Mshale mwingine, na mwingine. Wakingoja, maziwa yanachacha. Yakichacha, yanakataliwa. Na yalipokataliwa, yeye Peris, kwa mkono wake huu uliojaa vumbi, aliamuru yapimwe mara mbili.

Kidole chake kilikuwa kimerudi pale kilipoanzia.

Alikitazama kile alichokichora kwa muda mrefu. Hapakuwa na mtu mbaya ndani ya lile duara. Karani alipima vizuri. Munyoki aliendesha vizuri. Hakuna aliyelala kazini. Kila mmoja alikuwa amefanya kile alichoambiwa, na aliyewaambia alikuwa yeye, na kila alipoambiwa hongera alikuwa ameongeza mshale. Halafu nje ya duara, pale ukweli ulipotaka kutokea, alikuwa ameufunga utepe mwekundu. Ni lazima ukweli ungetafuta njia ya kujificha.

"Madam, umeandika nini kwa gari?" Munyoki aliuliza kutoka dirishani.

"Nimejichora."

Aliwapigia wasimamizi wa vituo vingine, mmoja mmoja, akiwa amesimama pale pale kwenye kivuli cha lori. Hakuwauliza kama wanaweka magadi. Aliwaambia, "Mimi nimejua. Sifungi mtu utepe tena. Niambieni tu mlianza lini." Sylus wa kituo cha darajani alisema walianza baada ya Kirindi, maana waliona Kirindi hawapati utepe tena, wakatuma mtu kuuliza siri. Mwingine akasema yeye hutumia kidogo sana, kama anayetaka kusifiwa. Kufikia saa sita Peris alikuwa hana pa kujishika. Mwezi mzima bila keni kukataliwa, na hapakuwa na kituo hata kimoja kisichokuwa na pakiti ya magadi nyuma ya mlango.

Ile keki waliila kwa lipi?

*

Kikao cha Ijumaa kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Wazazi walikaa mbele, na Mwalimu Teresia katikati yao. Watu wa kaunti walikaa pembeni na simu zao. Wafugaji walikuja kwa wingi kutoka milimani, wamevaa masweta katika joto lile, na nyuma kabisa alikaa Mama Tom na leso yake ya kanisani, akiwa ameacha nafasi tupu pande zote mbili. Tom alikaa mbali naye. Tangu siku ile ya chai ya rangi hakuwa amesema na mama yake.

Kitonga alifungua kwa maneno mafupi. "Kuna mtu aliweka sumu kwa maziwa ya watoto wetu. Leo tutamjua. Na ili isirudi, kamati imeamua: tutanunua mashine ya kupima magadi. Kila keni itapimwa mara tatu langoni. Na anayepatikana, sio utepe tena, ni polisi."

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa moyo, wazazi pia, hata baadhi ya wasimamizi waliokuwa na pakiti nyuma ya milango yao. Peris aliyasikia makofi yale. Mara tatu. Aliiona foleni ikifika barabara kuu.

"Meneja," Kitonga akasema. "Jina."

Peris alisimama. Alimwona mama mkwe wake akijiweka sawa kwenye kiti, akikunja leso, kama mtu anayejiandaa kuitwa na daktari.

"Jina nitalitoa, Mwenyekiti. Lakini naomba nianze na la kwanza. Anayeweka magadi huweka mwisho. Mimi nataka nianze na aliyeyachachisha yale maziwa."

"Peris, kwa ufupi."

"Kwa ufupi ni mimi."

Akawaeleza. Hakuwa na ubao, akatumia watu waliokaa vitini: huyu ni mlango, huyu ni lori, hawa ni Kirindi wanaongoja. Alimwinua mzee mmoja akamsimamisha juani kando ya dirisha, akamwacha pale huku akiwapitisha watu wa langoni kwenye kipimo cha kwanza, kisha cha pili. Mzee akaanza kufuta jasho. Watu wakacheka kidogo. Alipoongeza kipimo cha tatu, kile cha Mwenyekiti, mzee akauliza kama anaweza kukaa, na hapo hakuna aliyecheka.

"Tukipima mara tatu mtapata maziwa mabaya zaidi na siri nzuri zaidi," Peris akasema. "Mimi nilifanya ukweli uwe aibu. Nilimwaga maziwa ya watu mbele ya watu, nikawafunga utepe. Walichofanya baadaye ni kibaya, na mtoto wangu alilala na dripu kwa sababu yake. Siwatetei. Lakini mkitoa mtu mmoja leo mkaiacha ile njia kama ilivyo, mwezi ujao mtarudi hapa kwa ajili ya watoto wengine."

"Hizo ni nadharia," Kitonga akasema. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Wazazi hawa wanataka mtu."

"Waniandike mimi kwanza. Chini yangu waandike vituo vyote, maana ni vyote. Mkimtaka mmoja peke yake, hilo jina sina."

Pale ndipo ukumbi uliposhtuka. Vyote? Watu wa kaunti waliinua macho kutoka kwenye simu. Kitonga alitazama wasimamizi, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama alimkuta ameinama. Mwenyekiti aliketi polepole. Nyumbani kwake, watu walijua, friji ilijaa maziwa ya chama.

Nyuma, Mama Tom alisimama.

"Kirindi tulianza sisi," akasema. "Mimi ndiye niliyeshika kijiko. Mkaza mwana wangu hakujua. Wazazi, nimewakosea. Hata wangu nilimkosea." Akabaki amesimama, akingoja kuambiwa akae. Hakuna aliyemwambia.

Yule mama wa beseni, aliyempita Peris hospitalini, ndiye aliyesema mwishowe. "Mimi siwezi kukusamehe leo," akasema. "Lakini nataka kujua hiyo gari moja itakuwa mbili lini."

*

Peris alivuliwa umeneja siku ile ile. Kamati ilimpa cheo kisicho na jina: aitengeneze ile njia kwa muda, mshahara nusu, hadi wapate mtu. Ofisi yake ilikaliwa na Kitonga, ambaye alikiondoa kile cheti juu ya friji akamkabidhi Peris mkononi. Mama Tom alinyang'anywa usimamizi, na kanisani wakamwomba apumzike kidogo uhazina. Kesi ya kaunti ilibaki ikining'inia juu ya wote. Elsie alirudi shuleni, lakini akiona kikombe cheupe hugeuza uso.

Kipimo kilihamishwa kutoka langoni kikapelekwa juu vituoni, maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Lori la pili lilikodiwa, bovu, lenye mlango mmoja unaofungwa kwa kamba. Utepe ulipigwa marufuku. Msimamizi angetangaza mwenyewe maziwa yaliyochacha, na hasara ingegawanywa chama kizima. Kitonga alisema watu watalala kazini. Wiki ya kwanza hakuna kituo kilichotangaza hata tone. Peris hakulala. Ukimya ule aliujua sasa.

Asubuhi moja ya ukungu alipanda Kirindi na Tom. Lori lilikuwa limeharibika Mwatate tena, saa zilikuwa zimekwenda. Majirani walikuwa wamesimama kibandani na madumu yao, hakuna anayemtazama mwenzake. Mama Pauline, msimamizi mpya, alikuwa ameshika mfuniko wa keni, hafungui wala hafungi.

Mama Tom alitoka nyumbani kwake akiwa amebeba dumu lake. Alilipitisha mbele ya watu wote, akaliweka chini miguuni mwa Peris. Shingoni mwa dumu alikuwa amefunga utepe mwekundu, ule ule wa msumarini, kwa fundo zuri la kanisani.

"Ya jana jioni," akasema. "Yamechacha. Usiyamimine na ya watu."

Peris alipiga magoti, akafungua, akanusa. Ule ukali ulimpanda puani, mkali, wazi, usiofichwa na kitu. Hakuwahi katika maisha yake kufurahia harufu kama ile. Machozi yalimtoka akiwa bado ameinama, na hakuyafuta.

"Asante, Mama," akasema.

"Yangu pia," Mama Pauline akasema kwa sauti ndogo, akasukuma dumu lake mbele. Mwingine naye akasukuma lake.

Tom alikuwa amesimama kando ya gari muda wote huo. Akaja, akachuchumaa kando ya mama yake, akaanza kuufungua ule utepe. Fundo lilikuwa limekaza. Mama yake aliinama akamsaidia.